Kagera Sugar na Miaka Yake ya Ligi Kuu: Historia Fupi kwa Wapenzi wa Ngara na Biharamulo

Mto Kagera unaanzia kwetu. Maji ya Ruvubu kutoka Burundi na yale ya Nyabarongo kutoka Rwanda hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, kisha mto huelekea kaskazini ukiambaa na mpaka, hupinda kuelekea mashariki, hupita Kyaka na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kabla ya kufika ziwani hunywesha mashamba ya miwa ya Missenyi. Miwa hiyo ndiyo iliyozaa kiwanda, na kiwanda ndicho kilichotupa timu. Naanza na hili kwa sababu kwa miaka mingi watu wameizoea Kagera Sugar kama timu ya Bukoba, nasi wa kusini ya mkoa tukahesabiwa kama wageni tuliosafiri kwenda kushangilia. Wenzangu waliponiomba niandike historia hii, nilikubali siku ile ile ili jambo hilo likae mahali pake tangu ukurasa wa kwanza. Timu ni yetu sote, kuanzia Rusumo na Kabanga hadi Mutukula.

Wazee wanakumbuka kwamba mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya mto. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na mifugo yao, na kiwanda cha sukari kikaharibiwa vibaya. Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa ukapewa jina la mto ambao askari wetu waliuvuka kwenda kuikomboa nchi. Kiwanda hakikupona haraka namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20 kilisuasua, magugu yakaota palipokuwa na miwa, na vijana waliokuwa na vipaji vya mpira wakaishia kuchezea timu za mitaa au kwenda zao Mwanza na Dar es Salaam.

Mpira wenyewe haukuwahi kufa. Bukoba ilikuwa na RTC Kagera, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa, enzi zile ambazo karibu kila shirika la umma lilikuwa na jezi zake. Huku kwetu mechi zilipigwa katika viwanja vya shule na vya misheni, Rulenge, Murgwanza, Katoke, Nyakahura, na bingwa wa wilaya alipokelewa kijijini kama aliyerudi na kombe la Afrika. Timu za mashirika zilipoanza kufifia, mkoa ukakaa bila sauti kwenye ligi ya taifa. Kila Jumamosi tulisikiliza matangazo ya Simba na Yanga, na mkoa wetu haukutajwa popote.

Ndipo kiwanda kilipobinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuchukuliwa na kampuni ya Superdoll. Mitambo ikakarabatiwa, mashamba yakalimwa upya, ajira zikarudi, na pamoja nazo ikaja timu ya mpira ya kiwanda. Katikati ya muongo ule timu hiyo ikapanda Ligi Kuu. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo furaha ya kipindi kile. Mkoa uliokuwa umepitia vita, ukimwi ulioanza kuua watu wetu mapema kuliko mikoa mingine, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na wimbi la wakimbizi, ulikuwa sasa na watu 11 waliovaa jina lake na kwenda kupambana na wakubwa wa Dar es Salaam.

Timu ya kiwanda si jambo la Tanzania peke yake. Huko Japani klabu nyingi za ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka 1993 zilitokana na timu za kazini: Urawa ilikuwa ya Mitsubishi, Yokohama ilikuwa ya Nissan, Hiroshima ilikuwa ya Mazda. Ligi ilipoanza, wenzetu wale waliondoa majina ya kampuni na kubaki na majina ya miji. Sisi tulibaki na yote mawili, mkoa na sukari, na kwa maoni yangu tulifanya vizuri. Anayeuza sukari dukani Nyakanazi anajua timu ile inakula kutoka wapi, na anajua pia kwamba siku kiwanda kikiyumba, timu nayo itayumba. Kule Morogoro ndugu zetu wa Mtibwa Sugar walikuwa wametangulia kuonyesha njia, maana walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000. Mechi za Kagera na Mtibwa zikawa mashindano ya wakata miwa, na kwetu ushindi juu ya Mtibwa ulikuwa na ladha ambayo hata ushindi juu ya Simba haukuwa nayo.

Niseme sasa namna sisi wa Ngara na Biharamulo tulivyoifuata timu hii, kwa sababu hakuna atakayeliandika tusipoliandika wenyewe.

Mtu wa Ngara anayetaka kwenda uwanja wa Kaitaba, Bukoba, hushuka kwanza Benaco, hupita Lusahunga, huingia Biharamulo penye boma la Wajerumani, kisha hupanda Muleba ndipo aione Bukoba. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Leo lami imefika na basi linakwenda. Zamani zile mapori ya Biharamulo na Kasindaga yalikuwa na majambazi wenye silaha, na magari yalikusanywa yakasubiri askari wa kuyasindikiza. Mpenzi aliyetaka kuwahi mechi ya saa kumi jioni aliondoka jana yake. Alilala Biharamulo kwa jamaa, akaamka alfajiri na kujiunga na msafara, na mara nyingine alifika uwanjani wakati watu wa Hamugembe na Kashai wanatoka wakimweleza matokeo. Hakuna aliyelalamika. Njiani watu walifungua ndizi za kuchoma na senene, wakabishana nani aanze golini, na anayetoka Rulenge akafahamiana na anayetoka Runazi. Undugu ule wa njiani ulizidi mipaka ya wilaya, na wengine wameoana.

Wasioweza kusafiri walikuwa na redio. Ngara ilipata Radio Kwizera mwaka 1995, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti kwa ajili ya wakimbizi, mwaka mmoja baada ya siku ile ya mwishoni mwa Aprili 1994 ambapo watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na kugeuza Benaco kuwa mji. Kambini mpira ulikuwa dawa. Vijana walifunga mipira ya nailoni na kamba za migomba, na mechi kati ya wakimbizi na wenyeji zilisaidia kupoza mengi ambayo mikutano haikuweza kuyapoza. Kizazi kilichocheza mechi zile ndicho kilichokuwa na umri wa kushangilia Kagera Sugar ilipopanda. Ndiyo maana mpaka leo Ngara utamkuta shabiki anayeifuata Kagera kwa Kiswahili na Rayon Sports kwa Kinyarwanda, na haoni kwamba mapenzi hayo yanagombana.

Televisheni ilikuja baadaye. Azam ilipoanza kurusha mechi za ligi mwaka 2013, vibanda umiza vya Biharamulo mjini na K9 pale Ngara vikajaa, jenereta ikinguruma nje na mwenye kibanda akiomba mafuta yasikatike kabla ya dakika ya 90.

Katika waliovaa jezi yetu, wa kwanza kumtaja ni George Kavila. Alikuwa nahodha na kiungo kwa miaka mingi kuliko ambavyo wachezaji wa siku hizi hukaa klabu moja. Wengi walipita Kaitaba kama kituo cha basi la kuelekea Msimbazi au Jangwani, yeye akabaki. Nyuma yake namweka Themi Felix, mshambuliaji ambaye Oktoba 2012 aliifunga Yanga bao pekee pale Kaitaba. Yupo Paul Ngway, naye alirudia kazi hiyo hiyo dhidi ya Yanga Novemba 2014 kwa bao moja. Na yupo Atupele Green, aliyetupa sikukuu ya pili ya Krismasi mwaka 2014 kwa kuifunga Simba 1-0 Dar es Salaam. Watoto wetu walizaliwa miezi ile na wengine waliitwa Atupele, jina la Kinyakyusa, huku Uhangaza!

Kwa makocha, wazee wenzangu hawatanisamehe nisipoanza na Abdallah Kibadeni. King alikuwa amekwisha kuwa mtu wa historia kabla ya kuja kwetu, maana ndiye aliyefunga mabao matatu katika mechi ya Julai 1977 Simba ilipoichapa Yanga 6-0. Alipokuja Kagera Sugar alileta utulivu. Msimu wa 2012/13 tulimaliza nafasi ya nne tukiwa na pointi 44, moja tu nyuma ya Simba waliokuwa watatu. Timu ile haikuwa na nyota wa gharama. Ilicheza mpira wa kujilinda kwa akili na kushambulia kwa ghafla, na aliyefika Kaitaba bila kujiandaa aliondoka analia. Simba wenyewe waliona, wakamchukua Kibadeni msimu uliofuata. Baada yake akaja Jackson Mayanja kutoka Uganda, mtu mpole aliyejua sana kulea vijana, na msimu wa 2013/14 ukaisha tukiwa nafasi ya tano. Naye Simba walimpata baadaye. Hatukuwa na kinyongo. Mkoa wetu umezoea kuwalea watu wanaokwenda kutumikia kwingine.

Kisha ukaja wakati wa kuhama. Kaitaba ilifungwa ili iwekwe nyasi bandia kwa msaada wa FIFA kupitia TFF, na kazi ikachukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Timu ikawa inahesabu Kambarage ya Shinyanga kuwa nyumbani, msimu mwingine Ali Hassan Mwinyi ya Tabora. Watu wa Bukoba waliumia sana, na ni haki yao. Kwetu hali ilikuwa na sura nyingine kidogo. Kutoka Ngara, barabara ya Nyakanazi na Kahama inakufikisha Shinyanga kwa mwendo usiopishana sana na wa Bukoba, kwa hiyo wapo wapenzi wa Biharamulo na Ngara waliokuwa sehemu kubwa ya mashabiki wachache waliokaa jukwaani Kambarage. Msimu wa 2015/16 ulikuwa mgumu, kulikuwa na maneno maneno, na timu iliponea chupuchupu kushuka. Tuliokuwapo tunajua yaliyosemwa, na hayana faida kuyarudia.

Msimu wa 2016/17 unastahili nafasi yake. Timu ilirudi Kaitaba juu ya nyasi mpya, na kocha mpya akawa Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars, aliyetoka Mtibwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi likapiga Bukoba. Nyumba zikaanguka, watu wakafa, na siku iliyofuata ibada ya kuwaaga marehemu ikafanyika katika uwanja ule ule wa Kaitaba mbele ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Mtikisiko tuliusikia hadi kwetu. Wachezaji waliokuwa wakifanya mazoezi pale sasa walicheza mbele ya watu waliolala nje kwa kuogopa kuta za nyumba zao. Oktoba Yanga wakaja wakatufunga 6-2 nyumbani. Wengi walisema msimu umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Maxime aliwapanga upya wale wale vijana. Mbaraka Yusuph akaanza kufunga kila wiki hadi akamaliza na mabao 12 na tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Golini akaja Juma Kaseja, kipa aliyeiondoa Zamalek ya Misri kwa penalti akiwa na Simba mwaka 2003, ambaye wengi walikuwa wamekwisha kumwandikia wasifu wa kuagwa. Tarehe 2 Aprili 2017 tuliifunga Simba 2-1 Kaitaba. Baada ya mechi hiyo kulitokea shauri la kadi za beki wetu Mohamed Fakhi: pointi zikapelekwa Simba, kisha zikarudishwa kwetu na kamati nyingine ya TFF. Nitasema hili tu, kwamba Yanga na Simba walimaliza ligi wakiwa na pointi 68 kila mmoja na ubingwa ukaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Msomaji atajua mwenyewe uzito wa mchana ule wa Kaitaba. Sisi tulimaliza wa tatu kwa pointi 53, moja mbele ya Azam na mamilioni yao, na Maxime akatajwa kocha bora wa msimu. Hatujawahi kupanda juu zaidi ya hapo.

Kuna siku moja lakini ambayo naipenda kuliko hata msimu ule mzima. Tarehe 19 Mei 2018 Simba walikuwa mabingwa tayari na hawajafungwa mechi hata moja ya ligi. Uwanja wa Taifa ulijaa, na Rais John Magufuli alikuja mwenyewe kukabidhi kombe. Hebu fikiri ndugu yangu wa Biharamulo: rais aliyekaa pale ni mtoto wa Chato, nayo Chato ilikuwa Biharamulo kabla haijamegwa, kisha mwaka 2012 ikapelekwa mkoa mpya wa Geita. Alisoma seminari ya Katoke, akawa mbunge wa Biharamulo Mashariki mwaka 1995. Mbele yake zikaingia timu mbili, moja bingwa na nyingine Kagera. Dakika za mwisho Edward Christopher, kijana aliyekulia Simba, akafunga. Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akapiga, Kaseja akaidaka. Filimbi ya mwisho ikalia 1-0, na rais akawakabidhi mabingwa kombe huku akiwaambia waziwazi kwamba kwa mpira aliouona, kombe la Afrika bado liko mbali. Biharamulo siku ile pikipiki zilizunguka mji na taa zikiwaka mchana. Magufuli alipofariki Machi 2021, wapo waliovaa jezi ya Kagera kwenda kumuaga.

Miaka iliyofuata naipitia kwa kifupi. Msimu wa 2018/19 tuliifunga Simba nje na ndani, lakini tukajikuta kwenye mchujo wa kubaki, ambako tuliwatoa Pamba ya Mwanza na kubaki Ligi Kuu. Mwaka 2019/20 Yusuph Mhilu alikuwa miongoni mwa wafungaji wazuri wa ligi, baadaye akaenda Simba. Akaja kocha Francis Baraza kutoka Kenya. Januari 2022 Hamis Kiiza, Mganda aliyewahi kuwika Yanga na Simba, aliwafunga Simba bao pekee Kaitaba. Geita Gold walikuwa wamepanda mwaka 2021, na baadhi ya vijana wa Biharamulo, kwa kuwa Geita ni jirani, wakagawanya mapenzi. Geita walishuka mwaka 2024 na wengi wamerudi nyumbani, tumewapokea. Msimu wa 2024/25 makocha walibadilika zaidi ya mara moja, Kaseja akamalizia kazi akiwa kocha, na timu ikashuka pamoja na KenGold. Mtibwa, walioshuka mwaka mmoja kabla yetu, walikuwa wakipanda mwaka ule ule tulioshuka, kwa hiyo wakata miwa tumepishana mlangoni.

Kwa miaka yote hiyo tunawashukuru uongozi wa kiwanda uliolipa mishahara ya wachezaji hata bei ya sukari ilipoyumba, Manispaa ya Bukoba kwa Kaitaba, madereva na makondakta waliotusubiri mechi ziishe ndipo waondoke, watangazaji wa redio zetu, na akina mama wa stendi ya Biharamulo waliotupikia chai usiku wa manane bila kuuliza kama tumeshinda.

Tuna ombi moja kwa klabu, nalo tumelisema kwa mdomo mara nyingi. Kila mwaka mashindano ya UMISSETA yanawatoa vijana Ngara na Biharamulo wanaocheza mpira mbele ya wakaguzi wa shule, na baada ya hapo wanarudi kuchunga ng'ombe, kuendesha bodaboda au kuchimba dhahabu. Mtu mmoja wa klabu aje akae siku tatu Benaco na siku tatu Biharamulo mjini kila Juni. Malazi na chakula juu yetu.